Gesi Haina Hatia, Sukari Ndiyo ya Kuulizwa

Adhuhuri inapokolea Gerezani, baina ya karakana za mafundi na kituo cha mwendokasi, chupa ya soda baridi huhesabiwa kuwa sehemu ya mlo. Mpagazi aliyetoka kushusha magunia sokoni Kariakoo huinywa kwa chapati mbili. Akibeua, husema chakula kimeshuka. Nyumbani, mama mwenye mtoto anayeharisha huimimina soda hiyohiyo kikombeni, huikoroga hadi mapovu yaishe, kisha humnywesha mwanawe akiamini kuwa ameondoa gesi na madhara yake. Mmoja anaisifu gesi, mwingine anaihofu. Sukari haitazamwi na yeyote.

Gesi yenyewe ni kaboni dioksidi, ileile anayoitoa binadamu kila anapopumua. Kiwandani husukumwa ndani ya kinywaji kilichopozwa, kwa shinikizo kubwa. Mwaka 1803 mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza kanuni yake: kadiri shinikizo linavyozidi, ndivyo kimiminika kinavyobeba gesi zaidi. Kizibo kikifunguliwa, shinikizo hushuka na gesi hutoka kwa viputo. Kinywaji chenye joto hushika gesi kidogo kuliko cha baridi. Ndiyo maana chupa iliyoshinda juani juu ya mkokoteni humwaga povu ikifunguliwa. Tumboni, penye nyuzijoto 37, hutokea vivyo hivyo. Kubeua ni gesi inayorudi ilikotoka. Si ushahidi kwamba chakula kimesagwa.

Kuipa gesi hiyo sifa ya dawa hakukuanza leo. Mwaka 1767 Joseph Priestley, aliyeishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, alifanikiwa kuitia katika maji. Mwaka 1772 alichapisha njia yake, akitumaini kuwa maji hayo yangewakinga mabaharia na kiseyeye. Hayakuwakinga. Kinga ilikuwa katika ndimu na machungwa, matunda yanayopangwa mafungu Kariakoo kila siku.

Haki itendeke pia upande wa pili. Gesi ikiyeyuka majini hufanya asidi dhaifu. Inayomomonyoa meno zaidi ni asidi ya fosfori au ya sitriki inayoongezwa kwa ajili ya ladha, nayo imo hata katika soda isiyo na sukari. Mwenye kiungulia ana sababu ya kuipunguza gesi, kwani hutanua tumbo na huweza kurudisha asidi juu. Zaidi ya hapo, shtaka dhidi yake ni jepesi.

Shtaka zito ni la sukari. Chupa ya mililita 350 ya kola ya kawaida hubeba takribani gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Chupa moja imekwisha kuvuka kiwango hicho cha pili.

Kwa mtoto anayeharisha, hatari haingoji miaka. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi pamoja na chumvi zilizopimwa. Lita ya soda ina sukari zaidi ya mara saba ya hiyo na chumvi kidogo mno. Sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na kuhara huzidi. Kuikoroga soda hakupunguzi hata punje moja ya sukari hiyo.

Kwa hiyo, agizo la "acha vinywaji vyenye gesi" halitoshi. Mgonjwa wa kisukari akilitii anaweza kuhamia kwenye juisi ya boksi yenye sukari ileile, akijiona amepona hatari. Mhudumu wa afya aitaje sukari kwa jina lake na aihesabu kwa vijiko mbele ya mgonjwa. Mama aambiwe waziwazi: mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya, na akilegea au akishindwa kunywa awahishwe kituoni. Soda, iwe na gesi au imepoa, ibaki dukani.