Kichocheo "Hakibadiliki"? Tusiende TP na Nusu Ukweli

Mwulize mwanachuo yeyote aliyesoma kemia sekondari: kichocheo ni nini? Hata umwamshe saa nane za usiku atakujibu bila kufikicha macho: ni kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko wa kikemia, chenyewe bila kubadilika. Kwisha habari. Sasa mwongezee swali la pili: kama hakibadiliki, mbona viwanda vya mafuta vinanunua kipya kila siku? Hapo utasikia kimya.

Hoja yangu ni hii. Sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tunakaribia kwenda TP. Tutasimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu, chaki mkononi. Tukiitamka sentensi ile kama tulivyoikariri kwenye madesa, tutakuwa tumefundisha nusu ukweli, na nusu tuliyoiacha ndiyo yenye utamu wote. Ndiyo inayoeleza petroli ya bodaboda inatoka wapi.

Tuanze na pipa lenyewe. Mafuta ghafi yakikenekwa hujigawa kulingana na joto la kuchemka: gesi juu, halafu nafta inayotengenezewa petroli, mafuta ya taa, dizeli, na chini kabisa mabaki mazito meusi. Shida ni kwamba pipa halijui soko linataka nini. Mara nyingi petroli inatoka kidogo, mazito yanatoka mengi. Yale mazito ni molekuli ndefu, kwa hiyo anayetaka petroli zaidi lazima azikate. Mwanzoni walizikata kwa joto na mgandamizo tu, sawa na kupasua kuni kwa jiwe. Zinapasuka kweli, ila vipande vinatoka ovyoovyo.

Hapo ndipo anapoingia Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyependa magari ya mashindano. Alitafuta kitu cha kukata molekuli hizo kwa mpangilio, akakipata kwenye udongo wa mfinyanzi uliotiwa asidi, wenye silika na alumina. Mwaka 1930 alihamia Marekani, na mwaka 1937 mtambo wake mkubwa ukaanza kazi Marcus Hook, Pennsylvania.

Sasa sikia kichekesho. Kilichomsumbua Houdry ni kwamba kichocheo kilikuwa kinabadilika! Baada ya dakika chache tu uso wake ulijaa masizi ya kaboni na kazi ikasimama. Alichofanya ni kupitisha hewa ya moto ili masizi yaungue na kichocheo kirudi kazini. Mtambo ukawekewa vyumba vya kupokezana: kimoja kinakata mafuta, kingine kinachomwa masizi. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa hapo, kwenye kukihuisha kichocheo kilichochoka.

Mwaka 1942 kule Baton Rouge, Louisiana, wahandisi wengine wakaenda mbali zaidi. Walikifanya kichocheo kuwa ungaunga laini unaotiririka kama maji. Unakutana na mafuta ya moto, unakata molekuli, unatoka umejaa masizi, unapelekwa chumba cha pili kuchomwa kwenye joto linalofika nyuzi 700 hivi. Ukirudi unabeba joto lile lile kwenda kukatia mafuta mapya. Yaani uchafu wake ndio kuni zake. Mitambo ya aina hiyo inafanya kazi mpaka leo duniani kote.

Miaka ya 1960 wanakemia wawili wa Mobil, Charles Plank na Edward Rosinski, wakaleta zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vya ukubwa wa molekuli. Pipa lile lile likaanza kutoa petroli nyingi zaidi. Lakini hata zeolaiti si ya milele. Mafuta mazito yana nikeli na vanadi, na metali hizo hazichomeki kama masizi. Zinaganda kwenye kichocheo na kukiharibu polepole, ndiyo maana kiwanda hutoa sehemu ya kile cha zamani na kuongeza kipya kila mara. Swali letu la mwanzo limejibiwa.

Kuna na habari ya sumu. Petroli inahitaji oktani ya kutosha ili injini isigonge. Njia moja ni kuipitisha nafta kwenye kichocheo cha platinamu, teknolojia ya Vladimir Haensel iliyoingia kiwandani mwaka 1949. Njia rahisi ilikuwa kutia risasi, ile metali inayodhuru ubongo wa watoto. Houdry huyo huyo alipokuja kubuni kifaa cha kusafisha moshi wa magari, risasi ndiyo ilikuwa adui yake, maana iliua kichocheo kilichokuwa ndani. Afrika Kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Mtoto akiyajua haya, neno "sumu ya kichocheo" halitakuwa tena msamiati wa kukariri. Atajua linahusu pumzi yake mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mombasa ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963. Kilikeneka na kuboresha nafta, lakini hakikuwa na mtambo wa kukatia mazito, hivyo sehemu kubwa ya pipa ilibaki mafuta mazito ya bei ya chini. Kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kigamboni kulikuwa na TIPER tangu 1966, na leo pale ni matangi ya kuhifadhia mafuta yaliyosafishwa kwingine. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Salfa hiyo huondolewa kwa haidrojeni na kichocheo cha kobalti na molibdenamu, ila kazi hiyo wanatufanyia wengine, sisi tunalipia. Na bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Ni ya kusafirishwa yakiwa ghafi.

Sisemi kwamba kichocheo peke yake kingeokoa viwanda vyetu. Kuna mtaji, madeni, uendeshaji na ushindani wa viwanda vikubwa vya Asia. Ninachosema ni kwamba kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei, tunalalamika vijiweni, lakini wachache wanaweza kuuliza swali la maana: pipa linapoongezewa thamani, thamani hiyo inaongezewa wapi, na kwa kitu gani? Hatuwezi kupata wahandisi wa kujibu swali ambalo darasani hatukuruhusu liulizwe.

Najua mtakachosema. "Mwanangu, NECTA inataka ile sentensi." Sawa, wape. Haina makosa kwa hesabu ya mmenyuko mmoja: kichocheo huingia na hutoka. Kisha ongeza nyingine: "lakini kikitumika muda mrefu huchafuka, hupata sumu, huchakaa, na huhitaji kuhuishwa." Hakuna msahihishaji atakayekata alama kwa hilo.

"Silabasi ndefu, maabara hakuna." Hapo pia kuna njia. Nunua haidrojeni peroksaidi duka la dawa, tafuta kiazi mviringo kimoja na glasi mbili. Kipande kibichi kikitumbukizwa, povu linapanda, kwa sababu kiazi kina kimeng'enya, ambacho ni kichocheo cha asili. Kipande kilichochemshwa hakifanyi chochote cha maana. Waulize: kimepatwa na nini? Dakika kumi tu, na darasa zima limeona kichocheo kikifanya kazi na kichocheo kilichokufa. Ukitoka hapo kwenda Marcus Hook na Chongoleani, hakuna atakayesinzia.

Tumelalamika miaka yote kwamba sekondari tulifundishwa kukariri. Zamu yetu ya kushika chaki imefika. Mwalimu mtarajiwa mwenzangu, kwenye andalio lako la somo la vichocheo, acha mstari mmoja kwa ajili ya kiazi na mwingine kwa ajili ya pipa.