Gari la nyumba na sisi tunaopanda ndani yake



Juma hili tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu tumeliacha mikononi mwa wababa na mashofere. Ni gari dogo la nyumba, lile linalopeleka watoto masomoni, linaleta gunia la makala kutoka soko, na usiku linageuka kuwa gari la wagonjwa wa mtaa mzima. Si kila mmoja wetu ana gari, tunajua. Lakini karibu kila mmoja wetu amepanda gari la jirani na mtoto mikononi, kwa hiyo mazungumzo haya ni ya wote.

Tuanze na yaliyompata mama mmoja wa kundi letu hapa Bukavu. Ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake tunaliweka pembeni.

Usiku mmoja mkwe wake alishikwa na uchungu. Baba wa nyumba alikuwa safarini, na kijana wao hajui kuendesha. Mama akachukua ufunguo. Anajua kuendesha tangu miaka mingi, si mgeni wa volani. Walipokuwa wakishuka kutoka Kadutu, alikanyaga freni na pedali ikaenda chini kabisa, laini, kama mtu anayekanyaga matope. Akakanyaga tena haraka haraka, mara tatu, nne, ikashika kidogo tu. Akateremsha vitesi, akavuta freni ya mkono polepole, akaelekeza gari upande wa mlima, mbali na upande wa shimo. Gari likasimama juu ya chungu ya udongo ambayo watu wa salongo walikuwa wameiacha kando ya barabara. Mbele likavunjika kidogo. Taksi iliyofuata nyuma ikambeba mzazi. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, msichana, na mama yake ni mzima.

Kesho yake walipofungua magurudumu ya mbele walikuta plakete za freni zimeisha, chuma kinasugua chuma. Na taa nyekundu kwenye tablo ilikuwa imewaka tangu majuma mawili. Mama aliiona. Kijana aliiona. Hata mjukuu wa miaka saba aliuliza, “Bibi, taa hii ni ya nini?” Gari lilipelekwa garaji mara mbili, na mara zote mbili fundi alifungua kapo, akaongeza mafuta ya freni, taa ikazimika, akasema, “Mama, usijali, taa hiyo inapenda kuwaka tu.” Hakutoa gurudumu hata moja.

Hapo ndipo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo kila mama anaweza kulielewa bila kushika spana.

Mafuta ya freni hayaishi kama esansi. Yanazunguka katika mifereji iliyofungwa. Yakipungua, sababu ni moja kati ya mbili: kuna mahali yanavuja, au plakete zimekonda, na kadiri zinavyokonda mafuta yanashuka kujaza nafasi iliyobaki. Kwa hiyo kuongeza mafuta bila kutazama plakete ni kama kumpa mtoto mwenye homa dawa ya kushusha joto bila kumpima malaria. Homa inashuka, ugonjwa unaendelea. Taa nyekundu yenye duara na alama ya mshangao ikiwaka, kwanza hakikisha freni ya mkono imeachiliwa, maana nayo inaiwasha. Ikiwa imeachiliwa na taa bado inawaka, gari halitoki. Fundi akija, umuombe atoe magurudumu na uone plakete kwa macho yako. Usione haya. Ni feza yako, na ni watoto wako.

Chupa ya mafuta hayo iko chini ya kapo, mara nyingi upande wa shofere. Ni ya plastiki inayopitisha mwanga, ina mistari miwili, MAX na MIN. Huna haja ya kuifungua ili kujua. Juu ya kifuniko kumeandikwa DOT 3 au DOT 4, na hicho ndicho kinachotiwa. Mafuta ya mota hayaingii humo hata tone moja, hata kama uko mbali na mji na giza limeingia: yanavimbisha mipira ya ndani na freni yote inaharibika. Na mafuta ya freni yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakishakuwa na maji ndani, ukishuka mlima mrefu yanachemka, na pedali inakuwa laini ghafla. Ndiyo maana yanabadilishwa yote karibu kila miaka miwili, hata kama hayakupungua.

Dalili nyingine hazihitaji hata kufungua kapo. Pedali inaenda chini kuliko zamani. Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga. Kuna mlio wa chuma. Kuna unyevu nyuma ya gurudumu asubuhi. Yeyote anayepanda gari anaweza kuona au kusikia haya, na mara nyingi sisi tulioketi na watoto nyuma tunasikia kabla ya shofere, kwa maana yeye ana redio.

Sasa juu ya milima yetu. Mji huu hauna barabara nyingi zilizolala. Mashofere wengi, na wababa wengi wa nyumba, wakifika juu ya mteremko wanatoa vitesi, wengine wanazima hata mota, wanasema wanachunga esansi. Wamama, hili tulikatae kwa sauti. Mota ikizimwa, msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Volani nayo inakuwa nzito. Tena katika magari mengi ya siku hizi, yale ambayo esansi yake inapimwa na vyombo vya umeme, ukishuka na vitesi ndani bila kukanyaga gesi mota inajikatia esansi yenyewe. Basi huyo anayetoa vitesi hachungi kitu. Ushuke na vitesi ndogo, na uiweke ukiwa bado juu, kabla ya mwendo kuwa mkubwa. Kwa gari la otomatiki, shusha mkono mpaka 2 au L. Mota ndiyo itakayolizuia gari, na freni zitabaki baridi kwa ajili ya mtoto atakayekimbilia mpira barabarani.

Ukisimamisha gari mlimani, freni ya mkono peke yake haitoshi. Weka vitesi, au P kwa otomatiki, geuza magurudumu ya mbele upande wa ukingo, na tia jiwe. Na ukiondoka, tafadhali, ondoa lile jiwe barabarani! Wamotari wanaanguka usiku kwa mawe yanayoachwa na watu waliosali vizuri sana asubuhi.

Jambo la pili ni volani ya kulia. Magari mengi madogo ya kwetu yanatoka Japani, yanashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha yanapanda hadi huku. Kule Japani wanapita kushoto, sisi Kongo tunapita kulia. Maana yake shofere anaketi upande wa mtaro, na hawezi kuona mbele akiwa nyuma ya lori. Ili aone, inabidi atoe gari karibu lote katika njia ya wanaokuja. Wengi wanamuuliza mama aliyeketi mbele kushoto, “Njia iko wazi?” Tumeulizwa hivyo sisi wote. Lakini sisi tunaona njia tu, hatujui nguvu ya gari wala mwendo wa yule anayekuja, na kosa letu linalipwa na walio ndani wote. Afadhali shofere abaki nyuma mbali na lori, kusudi aone mwenyewe. Asipoona, asipite. Ukiulizwa na wewe huna hakika, jibu ni “hapana”, na shofere asikunung'unikie.

Na hapa kuna hatari nyingine ambayo hatukuifikiria mpaka mama mmoja alipoitaja katika mkutano. Gari likisimama kando ya barabara, mlango wa kushoto wa nyuma unafungukia katikati ya barabara, pale wamotari wanapopita mbio. Watoto wanaruka kutoka kwa furaha ya kufika. Tangu siku ile, katika nyumba zetu sheria ni moja: watoto wote wanatoka mlango wa kulia. Kwenye ubavu wa milango ya nyuma, ukiifungua, utaona kidude kidogo cha kufungia watoto. Kikishushwa, mlango haufunguki kutoka ndani. Weka hicho upande wa kushoto, kazi imekwisha.

Mtoto mchanga tunambeba mgongoni, ni desturi yetu na ni nzuri, lakini si ndani ya gari. Freni ikikanyagwa ghafla na mama akarudi nyuma kwa nguvu, mtoto ndiye anayekuwa mto wa kiti. Mfungue kabla ya kuingia. Pia usimweke mbele yako kisha ukafunga mkanda mmoja juu yenu wawili, kwa sababu uzito wako wote utamsukuma kwenye mkanda. Kiti cha watoto wachanga ndicho kinachofaa, na tunajua ni cha shida kupatikana na ni ghali. Kundi linaweza kununua kimoja na kukiazimisha kwa zamu, kama tunavyofanya na sufuria kubwa za matanga. Ukiwa huna, keti nyuma, funga mkanda wako mwenyewe, mtoto mikononi, na shofere aende polepole, ukijua hiyo ni kupunguza hatari tu. Kiti cha mbele si cha watoto. Na gari la watu watano ni la watu watano. Tisa ndani yake, magunia juu, halafu tunashangaa kwa nini freni haishiki.

Mengine tuyapitie haraka. Kifuniko cha radiatere hakifunguliwi mota ikiwa ya moto, hata kama fundi mwenyewe anasema anajua ujanja wake. Maji yaliyobanwa yanaruka usoni. Mafuta ya mota yapimwe kila juma asubuhi mota ikiwa baridi, gari likiwa mahali palipolala. Pine za okazyoni tunazinunua sote, hatutadanganyana, ila tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Pine ya namna hiyo inaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umeshakauka. Hewa ipimwe pine zikiwa baridi, na kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa shofere. Chini ya gari lililobebwa na kiriki peke yake mtu haingii, na mtoto asikaribie. Bidoni ya esansi kutoka kwa kadafi isipande ndani ya gari pamoja na watoto, hata kwa dakika tano.

Feza itatoka wapi? Swali hili lilileta kelele katika mkutano wetu. Wengine walisema gari ni la baba, basi na matengenezo ni ya baba. Sisi tunaona hivi: plakete mbili za mbele zilizomponza yule mama zilikuwa za bei ndogo kuliko zamu yake moja ya likilimba. Gari lililovunjika mbele lilimla mara nyingi zaidi. Tulikubaliana kila nyumba yenye gari iweke kitu kidogo kila juma katika bahasha ya peke yake, isiyoguswa kwa sukari wala kwa harusi. Na kuwe na kaye moja ndani ya gari: tarehe ya vidanji na kilometa zake, tarehe ya mafuta ya freni, siku plakete zilipotazamwa, na jina la aliyezitazama. Wengi wetu tunafanya vidanji kila kilometa 5 000 kwa sababu ya vumbi na milima. Fundi akiona kaye, anajua kwamba nyumba hii inakumbuka alichosema mwezi uliopita.

Siku ya posho, baada ya salongo, tutakutana katika lupango ya mama yule yule. Gari lake limepona. Atafungua kapo mwenyewe na kutuonyesha chupa, mistari miwili, na zile plakete za zamani ambazo ameziweka katika kikopo cha maziwa kusudi kila mtu azishike. Wenye mashofere wawalete. Wasio na gari waje pia. Na yule mjukuu aliyeuliza juu ya taa atakuwepo, ameomba awashe kontakti na kutusomea taa zote za tablo, moja moja.