Malaika na deni la mahari

Nyimbo chache za mapenzi zimepita midomo mingi kama Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya pamoja ya 1965. Mwaka 1967 wakaurekodi Hep Stars wa Sweden, ambao mpiga kinanda wao, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Na 1981 ukawafikia Boney M, wakautia disko. Nani aliutunga? Fadhili alisema ni wake, Adam Salim wa Tanzania akasema ni wake. Ugomvi huo umeandikwa mpaka umechosha, na toleo hili haliurudii.

Hoja yangu ni nyingine. Wimbo huu ni malalamiko ya kijana asiye na fedha za kuoa, na rekodi inayouficha ukata wake imeuharibu, hata sauti ziwe tamu namna gani. Sikiliza ya Boney M: sauti zimepangwa zikapangika, ngoma haikosei, wala hakuna anayeonekana kudaiwa. Makeba, mwanamke, aliyaimba maneno ya mwanamume anayetaka kuoa bila kuyageuza, na wapo wanaomsahihisha hadi leo. Mimi namwachia, kwa sababu unyonge wa yule kijana haukumtoka kooni.

Hapa Hai Cinema, mtaa wa Juba tunakohariri jarida hili, unyonge huo hauhitaji maelezo. Sehemu kubwa ya Sudan Kusini mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe, na kijana anayeendesha boda boda Juba hupigiwa simu na wajomba kuulizwa amefikia wapi. Mwaka 2018 habari za binti aliyeozwa kwa mamia ya ng'ombe pamoja na magari zilizunguka dunia kupitia Facebook. Walioshangaa Ulaya pengine ndio hao hao wanaocheza Malaika wakiwa likizo kwenye hoteli za Mombasa.

Jirani yetu mmoja ana kibanda cha kupakia nyimbo kwenye memori kadi. Katika kompyuta yake iliyopasuka kioo ana Malaika tatu. Ya Boney M huwapa wanaoandaa harusi. Ya Fadhili, lile gitaa linalotembea taratibu, huifungulia wanaokuja jioni kukaa tu, wengi wao waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, au Uganda na wanaokijua Kiswahili cha huko.

Wasomaji wa kike wataniuliza: na huyo malaika mwenyewe, nani alimuuliza? Swali ni halali, nami sina utetezi. Makala ya pili ya toleo hili inalishika bila kunionea haya. Makala ya tatu inazitetea bendi za mahoteli, kwamba ndizo zilizouweka wimbo hai miaka yote hii huku sisi tukibishana. Mwandishi wake hakubaliani nami hata kidogo. Nimempa kurasa zake zote.