Afya ya Nyumbani: Akili Iliyochoka Si Uvivu

Mwezi huu twataka kunena habari ya ugonjwa ambao wengi wetu twauona kwa macho, wala hatuutambui. Na kwa kutoutambua twawaumiza wale tuwapendao.

Tuchukue mfano. Mtu ana mikorosho yake, na miaka yote amekuwa hodari. Mwaka huu majira ya kupuliza salfa yakaja, yakapita, naye hakupuliza. Mkewe akimtuma dukani, hurudi mikono mitupu, amesahau alichotumwa. Akiulizwa jambo dogo, hukaa kimya kitambo kirefu ndipo ajibu. Usiku hapati usingizi, chakula hakimpendezi, ibadani yupo, lakini mahubiri hayakai kichwani mwake. Jirani husema, “Amekuwa mvivu.” Mzee wa kanisa husema, “Imani yake imepoa.” Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Naye mwenyewe huwaamini wote, akajihukumu kuliko wanavyomhukumu wao.

Hali kama hiyo ikidumu majuma 2 au zaidi, karibu kila siku, yatupasa kuuliza kama si ugonjwa uitwao sonona. Wengi hudhani sonona ni huzuni tu. Sivyo. Ugonjwa huu hushika moyo, na tena hushika akili: kukumbuka, kusikiliza kwa makini, kupanga kazi, na kukata shauri.

Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na mapafu, nao hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme. Wataalamu wamepima ubongo wa wagonjwa wengi na kuulinganisha na wa watu wenye afya. Wameona kwamba sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, zitusaidiazo kupanga na kutawala mawazo, mara nyingi hazifanyi kazi kama ipasavyo. Sehemu za ndani, zipokeazo hofu na majonzi, huamka upesi mno. Na zile zifanyazo kazi tunapojiwazia nafsi zetu hukosa kutulia. Ndipo mtu hurudia kosa lile lile la zamani usiku kucha, kama atwangaye kinu kitupu. Mtu aliyeshikwa hivyo ataikumbukaje salfa?

Lakini tofauti hizo huonekana wagonjwa wengi wanapopimwa pamoja. Hakuna bado kipimo cha ubongo kiwezacho peke yake kuonyesha kwamba fulani ana sonona. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa kuuliza na kusikiliza.

Mtu wa kwanza kuandika mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, mwaka 1924; akatangaza habari hizo mwaka 1929. Daktari huyo naye alishikwa na sonona, akajitoa uhai mwaka 1941. Nani basi atasema kwamba huu ni ugonjwa wa wajinga au wa wavivu?

Tumkumbuke nabii Eliya. Alipokimbia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Baadaye ndipo alipompa kazi, na Elisha awe mwenzake. Sisi mara nyingi huanza kwa karipio, na chakula hukisahau.

Msaada upo. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai huko Uganda, wenye sonona walikusanywa katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao. Walikutana mara moja kila juma kwa majuma 16, wakizungumza misiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha yao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kazi hiyo kwa majuma 2. Hapo mwanzo, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walionekana kuwa na sonona. Mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyopata vikundi, walikuwa 94 katika 100, wakabaki kama 55. Tena wale wa vikundi waliziweza kazi zao za kila siku kuliko wenzao.

Basi, nyumbani fanyeni hivi. Mpeni mgonjwa kazi moja ndogo kwa wakati mmoja, na maneno machache. Jambo la kukumbukwa liandikwe karatasini. Mwalimu aonapo mwenzake amesimama mbele ya ubao asijue la kuandika, asimcheke. Amsaidie kipindi, kisha amwulize hali yake faraghani. Mpelekeni mgonjwa zahanati au kituo cha afya, akaangaliwe pia upungufu wa damu na maradhi mengine yachoshayo mwili. Ikilazimu apelekwe hospitali ya wilaya. Akipewa dawa za sonona, huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Asiziache bila shauri la daktari. Akisema ataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo: ondoeni nyumbani sumu za wadudu wa mikorosho, mkampeleke hospitali siku ile ile.

Tena fahamuni kwamba kwa baadhi ya watu huzuni hutangulia kuondoka, na usahaulifu hukawia. Msiseme amerudia uvivu. Mngojeeni, kama mngojavyo mguu uliovunjika upate nguvu.

Kuomba tuombe, wala tusichoke. Lakini tunapoinuka kutoka magotini, tumpelekee ndugu yetu uji, tuketi naye, na kesho yake tumsindikize zahanati. Mungu azilinde nyumba zenu.