Wahesabuni Wafu Wetu

Jiwe liko peke yake katika ukumbi wa zege. Si la jenerali. Lilikuwa juu ya kaburi la askari wa Kanada aliyeuawa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye hakuna aliyejua jina lake. Mwaka 2000 walimfukua karibu na kilima cha Vimy, wakamrudisha nyumbani, wakamzika tena Ottawa. Jiwe lake la zamani likawekwa humu, kwenye jumba la makumbusho ya vita, na ukutani likaachwa dirisha moja lililopimwa barabara: kila tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, jua likitoka linaangukia jiwe lile.

Nilikuwa nimemtembelea dadangu, ambaye hutunza wazee kule. Alhamisi jioni kiingilio kilikuwa bure, na mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo huzijua saa zote za bure. Nilisimama mbele ya jiwe lile nikashikwa na hasira ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa kwenye basi, narudi.

Wacha nieleze. Kaka ya baba yake babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kuwabebea Waingereza mizigo ya vita. Hakurudi. Jina lake tunalijua, maana ndilo ninaloitwa mimi. Kaburi lake hatulijui. Kwa hiyo yule wa Vimy hana jina ila ana jiwe, na jua limepangiwa miadi naye. Wetu ana jina, na hana hata kokoto.

Vita vilikuwa vilevile, mfalme yuleyule. Pale Vimy, Aprili 1917, Wakanada 3,598 waliuawa kwa siku nne. Hawasemi "karibu elfu nne". Wanasema 3,598. Mnara wao kule kilimani una majina 11,285 ya waliokufa Ufaransa bila kaburi kujulikana. Sasa sikia upande wetu. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, hiyohiyo inayotunza mawe meupe ya Wakanada, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ikakiri pia kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia. Kati ya namba hizo mbili kuna mji mzima wa watu ambao hakuna aliyejali kuwahesabu. Sisi tumebaki na Kariokor, neno Carrier Corps lililolainishwa na ndimi zetu, tunapokwenda kula nyama choma.

Msidhani nawasifu Wakanada bure. Si malaika. Mwaka 2007 jumba hilohilo liliandika upya bango kuhusu mabomu yaliyoangushwa Ujerumani, kwa sababu wastaafu wa jeshi walilalamika. Lakini miaka miwili kabla, lilipofungua milango, lilitundika mchoro wa Gertrude Kearns kuhusu Shidane Arone, kijana Msomali wa miaka 16 ambaye wanajeshi wa Kanada walimtesa hadi kufa mwaka 1993. Wastaafu walikasirika hapo pia, wakataka uondolewe. Jumba likakataa. Kikosi chenyewe kilikuwa kimevunjwa tangu 1995. Huko ndiko kuhesabu ninakokutaka: ushujaa na aibu, chini ya paa moja.

Najua mtaniambia, huyo alikuwa mkoloni, unategemea nini? Sawa. Na El Adde je? Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu huko Somalia. Pale mkoloni alikuwa nani? Walikuwa vijana wetu, sare zetu, serikali yetu. Miaka imepita, na serikali hiyo haijatupa idadi rasmi ya waliokufa.

Utetezi ni uleule: usalama. Eti ukitaja idadi, unamfurahisha adui. Adui alikuwepo! Alijionea mwenyewe. Wasiojua ni sisi tuliowatuma, tunaowalipa kwa kodi zetu, tunaoimbishwa wimbo wa taifa kila sikukuu.

Mtu asiyehesabiwa ni rahisi kumtuma tena. Mkoloni alilijua hilo, na tulipomrithi ofisi tukarithi na daftari lake tupu. Hatuwezi kuidai London majina ya wapagazi huku Nairobi yenyewe imeficha majina ya askari.

Mimi sidai dirisha la jua. Nadai orodha. Jina, kijiji, siku aliyokufa. Wapagazi tutakaoweza kuwapata, tuwatafute kwa wazee kabla wazee hawajaisha. Wa El Adde hawahitaji kutafutwa, kwa maana kuna faili mahali fulani. Kuta tunazo, hata pale Uhuru Gardens. Rangi si ghali.

Wa kwetu nitamwandika mwenyewe. Jina lake nalijua.