Kontena la stoo na kontena la ofisi ni hesabu mbili

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta au Mbagala anaijua adha ya fremu. Dalali anachukua chake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na baada ya yote hayo chumba chenyewe kinatosha kaunta na mifuko michache ya saruji. Stoo itafutwe kwingine. Ndiyo maana makontena yamejaa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na hata katika miji iliyo mbali na bahari kama Mbeya na Kampala. Humo mna saluni, wakala wa fedha za simu, baa, ofisi ya fundi magari, bohari ya rangi. Chuma kilichovuka bahari na matairi tumboni kinamalizia maisha yake kikiuza soda baridi.

Mtindo huu unastahili kuungwa mkono, ila kuna jambo ambalo wauzaji wa makontena hawana haraka ya kulisema. Sanduku hili lilitengenezwa kulinda mzigo. Mfanyabiashara akilitumia kulinda mzigo, fedha yake inarudi. Akitaka mtu akae humo kutwa nzima, akili ikiwa timamu na shati likiwa kavu, bei aliyotajiwa yadini ni kishika uchumba tu. Mahari yenyewe bado.

Kontena kama tunavyolijua lina asili ya barabarani. Mmarekani Malcom McLean alikuwa na kampuni ya malori, na alichoshwa na magari yake kukaa gatini huku makuli wakihamisha mzigo gunia kwa gunia. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba masanduku 58. Vipimo vya kimataifa vilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na faida yake anaipata hadi fundi wa kuchomelea wa Buguruni: kontena la futi 20 ni lile lile, liwe limetoka Shanghai au Santos. Ndani lina urefu wa takribani mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha karibu mita 2.4, yaani mita za ujazo 33. La futi 40 hufikia 67. Rafu, fremu za madirisha na mlango wa pembeni vinaweza kutengenezwa karakana kabla kontena lenyewe halijashushwa kwenye kiwanja.

Baharini sanduku hili hutumika miaka 12 hadi 15 hivi, kisha kampuni za meli huanza kuliuza. Afrika Mashariki huagiza kwa makontena mzigo mwingi kuliko inaousafirisha nje, kwa hiyo bandari za Dar es Salaam na Mombasa hazikosi masanduku matupu. Lakini kuwapo kwa kontena bandarini si ruhusa ya kuliuza. Huingia nchini kwa utaratibu wa forodha wa muda tu, likitarajiwa kutoka. Likibaki, ushuru wake unatakiwa ulipwe. Mnunuzi aombe hati, na alinganishe namba iliyo kwenye hati na ile iliyopigwa mlangoni: herufi nne, ya mwisho ikiwa U, kisha tarakimu saba. Anayeambiwa "karatasi zitakuja baadaye" ananunua kesi.

Kukagua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mnunuzi aingie ndani mchana, afungiwe milango, asimame kimya atazame juu. Kila tundu la kutu litajionyesha kwa nukta ya mwanga, na kila nukta ya mwanga ni tone la maji wakati wa masika. Kisha ainame atazame chini, kwenye vyuma vinavyobeba sakafu, maana kutu mbaya hupenda kujificha huko, na muuzaji aliyepaka rangi kuta zote nne mara nyingi hakufika huko. Mipira ya milango nayo ipimwe kwa kidole: iliyokauka na kupasuka haizuii kitu. Rangi mpya isimvutie mtu.

Kwa stoo, sifa za kontena ni za kweli. La futi 20 likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na ushee, kwa hiyo halibebwi na vijana wanne usiku wa manane. Kuta zake hazing'oleki kwa nondo kama mabati ya kibanda, na kufuli likifunikwa kwa kiboksi cha chuma kilichochomelewa mlangoni, mkasi wa kukatia vyuma haupati pa kushika. Panya hana pa kupita. Mchwa haoni cha kula ukutani. Baada ya moto wa soko kuu la Kariakoo wa Julai 10, 2021, na mioto iliyorudi mara kwa mara Gikomba jijini Nairobi, wafanyabiashara wana kila sababu ya kutafuta mahali ambapo cheche ya jirani haiingii kirahisi. Kontena husaidia hapo, mradi lisibanane na mengine: moto mkubwa ukilizunguka, mzigo ulio ndani utaungua hata kama ukuta haujatoboka.

Adui wa stoo ya chuma ni unyevu, na unyevu huo mara nyingi hutoka ndani. Mchana hewa hupata joto na kubeba mvuke. Usiku bati la juu hupoa haraka, mvuke hugeuka maji, na maji hudondokea mzigo. Wasafirishaji wanaijua mvua hii ya ndani ya kontena, na imekwisha kuharibu kahawa na korosho nyingi njiani. Mfanyabiashara wa nafaka anayeingiza mahindi mabichi kwenye kontena na kuyafungia anajitengenezea sumukuvu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na kontena halimkaushii mtu mahindi. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta, na matundu ya hewa yaongezwe juu na chini, kwa sababu vile vitundu vya kiwandani ni vidogo mno kwa kazi hiyo.

Kuna la sakafu pia, na hili halisemwi vya kutosha. Plaiwudi ya kontena hutiwa dawa ya kuua wadudu, na aina ya dawa huandikwa kwenye kibao cha chuma kilichopigwa mlangoni. Juu ya hiyo, hakuna ajuaye sanduku la zamani limewahi kumwagikiwa na nini. Kwa saruji na mabomba si neno. Kwa unga, mchele au chumba atakamocheza mtoto wa muuza duka, sakafu ioshwe, ipigwe hewa siku kadhaa, na ifunikwe au ing'olewe.

Sasa ofisi. Ukuta wa kontena ni bati lenye mikunjo lenye unene usiofika milimita mbili. La paa ni milimita mbili hivi. Hakuna kitu hapo cha kuzuia jua la Februari la Dar es Salaam wala la Tanga. Watu wengi hutatua kwa kununua kiyoyozi, na huko ndiko hela inakovujia, kwa sababu kiyoyozi kinapambana na jua lenyewe na Luku inasoma kila dakika ya pambano. Dawa ya kwanza ni kivuli. Paa la pili la mabati, au makuti kwa wale wa pwani wasio karibu na jiko, likiinuliwa nusu mita juu ya kontena ili upepo upite katikati, huzuia jua lisiguse bati la juu. Rangi nyeupe husaidia. Madirisha mawili yanayotazamana husaidia zaidi. Baada ya hayo ndipo mtu afikirie povu la kuzuia joto na silingi bodi.

Na povu lina bei nyingine isiyo ya fedha. Upana wa ndani ni mita 2.35. Kila ukuta ukipewa sentimita saba za fremu, povu na bodi, zinabaki mita 2.2. Weka meza ya sentimita 75, kiti, na mtu wa kupita nyuma ya kiti, na chumba kimekwisha. Ofisi ya watu wanne inayokalika inahitaji makontena mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, na hapo fundi anakata ukuta. Kontena hubeba uzito kwa nguzo za pembe nne. Hizo ndizo zinazowezesha mengine kupangwa juu yake melini. Lakini kuta zenye mikunjo ndizo zinazozuia sanduku lisiyumbe na paa lisibonyee. Anayeondoa ukuta mzima bila kurudisha fremu ya skwea paipu nzito atauona mlango ukikataa kufunga kabla mwaka haujaisha. Gharama ya kukata, kuimarisha, kupitisha umeme na kuziba inaweza kuzidi bei ya kontena lenyewe. Mwenye mchanga na matofali karibu afanye kwanza hesabu ya chumba cha kawaida.

Wajanja wachache wamegundua kontena la friji lililostaafu. Kuta zake zina povu tangu kiwandani na ndani limevishwa chuma kisichoshika kutu au aluminiamu. Mashine yake ya baridi huwa imekufa, na hata ikiwa nzima inataka umeme wa feizi tatu ambao duka la kawaida halina. Si hoja: kinachonunuliwa hapo ni kuta. Kwa stoo ya mboga, maziwa au samaki, na hata kwa ofisi, sanduku hilo lina thamani kuliko la kawaida lenye rangi inayong'aa, ingawa sakafu yake yenye mifereji itahitaji kufunikwa. Fundi tu asilichomelee ovyo, kwani lile povu likishika moto hutoa moshi wenye sumu.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Umeme ndani ya sanduku la chuma lazima uwe na ethi iliyofungwa kwenye mwili wa kontena lenyewe, maana waya mmoja uliochubuka unaweza kuugeuza ukuta mzima kuwa mtego. Na milango ya mzigo hufungwa kwa nje. Panapokaa watu pawe na mlango mwingine unaofunguka kwa ndani.

Waliofanikiwa kwingine wanaonyesha matumizi yanayolifaa sanduku. Soko la Dordoy mjini Bishkek, Kirgizistani, limejengwa kwa maelfu ya makontena yaliyopandishwa mawili mawili: la chini ni duka, la juu ni stoo ya duka hilo hilo. Mtu anauza chini, bidhaa zikipungua anateremsha kutoka juu. Hakuna aliyejidanganya kwamba sanduku ni jumba. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1994, Vodacom ilisambaza huduma za simu kwenye vitongoji vya watu weusi kupitia vibanda vya makontena vilivyoendeshwa na wenyeji. Ilikuwa kazi ya kaunta, mteja anaingia na kutoka. Huko Christchurch, New Zealand, tetemeko la Februari 2011 lilipobomoa katikati ya mji, maduka yalifunguliwa ndani ya makontena ya rangi rangi kabla mwaka haujaisha, yakawafanya watu waendelee kufika mjini. Majengo ya kudumu yaliposimama, makontena yaliondolewa mapema mwaka 2018.

Kuondoka ndiko kunakopaswa kujadiliwa zaidi kwetu. Mfanyabiashara mdogo hununua kontena kwa sababu ardhi si yake. Siku mwenye kiwanja akibadili nia, ukuta wa tofali unabaki, kontena linaondoka. Hata benki zingeweza kuliona hivyo: Kenya ina sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, na sanduku lenye namba yake na hati zake ni mali inayotambulika kirahisi kuliko mbuzi au mtambo wa kusaga. Lakini wengi huliweka kontena mahali ambapo hata kuhama hakusaidii. Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Kontena lililo ndani ya hapo litapigwa alama ya X ya kuondolewa siku moja, na mwenye risiti ya kodi ya serikali ya mtaa mfukoni hatakuwa na utetezi.

Halmashauri nazo zina deni. Kila mara zinapoondoa vibanda, watu hurudi baada ya miezi, kwa sababu wateja wako pale pale. Kingekuwa kitu chepesi kupima viwanja vya makontena karibu na vituo vya mabasi na masoko, vyenye choo, maji, njia ya gari la zimamoto na nafasi kati ya safu na safu, kisha kutoa vibali vya miaka mitatu mitatu kwa ada inayojulikana. Halmashauri ingekusanya mapato kutoka kwa watu inaowafukuza sasa, na siku eneo likihitajika kwa ujenzi, kreni ingemaliza kazi bila tingatinga.

Kwa anayekodi kiwanja cha mtu binafsi, mkataba useme mambo mawili ambayo husahaulika: kwamba kontena halihesabiwi kuwa sehemu ya ardhi, na kwamba njia ya lori la kreni itabaki wazi hadi siku ya mwisho ya kodi. Viwanja vya mjini hujaa haraka. Jirani akishajenga ukuta na mwenye kiwanja akashusha kontena la pili mbele ya la kwanza, lile la nyuma haliwezi kutoka tena mpaka mtu mwingine alipwe.