Polisi Wanapokuwa Wenyeji wa Umati



Tangu Jeshi la Polisi lilipoanzisha mpango wa Polisi Jamii mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, wananchi wamezoea kumwona askari mahali ambapo zamani hakutazamiwa: uwanjani akicheza mpira na vijana, darasani akizungumza juu ya ukatili dhidi ya watoto, barazani akiwasikiliza wazee wa mtaa. Hapa Tunduma nasi tunayajua mabonanza hayo, matembezi ya usalama barabarani na mikutano ya Dawati la Jinsia na Watoto. Parokia hazikai pembeni. Kwaya hualikwa, VIWAWA huunda timu, viwanja vya shule huazimwa, na tangazo husomwa kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Jambo hili ni jema na tunaliunga mkono. Baada ya damu iliyomwagika katika miji kadhaa ya nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 2025, wapo waumini wanaoshtuka hata kuiona sare, na kila mahali ambapo raia na askari wanakutana bila hofu pana thamani kubwa.

Lakini lipo swali ambalo hatujasikia likiulizwa ipasavyo. Siku polisi wanapoalika umati, ni nani anayewajibika kwa uhai wa waalikwa?

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, katika kifungu cha 43, inamtaka anayetaka kuitisha mkusanyiko kutoa taarifa kwa maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo husika si chini ya saa 48 kabla. Ofisa huyo hupata nafasi ya kuhoji mahali, saa na namna ya kulinda usalama. Sasa, mwitishaji akiwa ni polisi mwenyewe, atamwandikia nani? Mwombaji na mkaguzi ni mtu mmoja. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo polisi ni wazembe, bali kwamba jicho la pili, ambalo sheria imewawekea wengine wote, hapo halipo, na halina budi kutafutwa kwingine.

Nchi yetu imekwisha kufundishwa jambo hili kwa gharama kubwa. Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao ishirini walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, katika mkutano wa dini, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. (Tukio hili latuhusu moja kwa moja sisi watu wa dini, na yote tunayosema hapa juu ya polisi yapimwe pia kwenye hija na sherehe zetu za kipaimara.) Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha wakati wananchi walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Hapo askari walikuwapo, viongozi walikuwapo, na nia ya kila mmoja ilikuwa njema. Umati haukanyagani kwa sababu una watu wabaya. Unakanyagana kwa sababu watu ni wengi kuliko njia ya kupitia, na wa nyuma hawaoni kinachowapata wa mbele.

Wenzetu wa Uingereza walilipata somo hilo tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Polisi waliokuwa wakisimamia mchezo waliamuru lango kubwa lifunguliwe ili kupunguza msongamano wa nje, bila kuziba njia iliyoelekea kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Idadi ya waliokufa ilifikia 97. Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa mashabiki, na ni mwaka 2016 tu jopo la wananchi mahakamani lilipotamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Familia zilingoja miaka 27. Mpango ulioandikwa mapema na kuonwa na watu wengine huwalinda waalikwa, na tena humlinda ofisa mwaminifu, kwa maana baada ya msiba hakuna atakayebuni upya yaliyokuwa yamekubaliwa.

Tuitazame Tunduma yenyewe. Mji huu umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na katikati yake hupita malori ya shaba, ya mizigo na ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo. Matembezi ya hamasa au mbio za asubuhi zikipangwa kupita barabara hiyo, watoto wetu wanatembea kando ya matangi ya petroli. Julai 2023 jijini Mwanza gari liliwaparamia watu waliokuwa wakikimbia kwa mazoezi, na sita wakafa. Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Hatuoni sababu ya matembezi kupita barabara kuu ilhali mitaa ina njia za ndani, isipokuwa kwamba barabarani ndiko picha zinakopendeza.

Tena Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Vwawa, na njia ya kumfikisha majeruhi huko ni barabara ile ile yenye foleni ya malori. Anayepanga tukio asiridhike kusema kwamba gari la wagonjwa litaitwa. Aseme litasimama wapi tangu asubuhi, litatokea lango gani, na nani atalifungulia njia. Na aseme pia ni kituo gani cha afya kilicho karibu kitampokea mgonjwa wa kwanza, na kama mganga wa zamu amearifiwa.

Mpaka nao una mambo yake. Watu wa Tunduma na Nakonde wanaishi kama mji mmoja. Wanauziana, wanaoana, wanazikana. Kipindupindu kilipozuka Zambia mwezi Oktoba 2023 kiliua mamia ya watu, hata uwanja wa Heroes jijini Lusaka ukageuzwa kuwa mahali pa kutibia wagonjwa. Kwa hiyo bonanza la siku nzima lenye mama ntilie, ndoo za maji na vyoo viwili vya shule si jambo la polisi peke yao. Bwana afya wa kata aitwe kabla ya siku, akague maji, vyakula na vyoo, naye awe na mamlaka ya kusema "hapana" na akasikilizwa na wenye nyota mabegani.

Jambo jingine ni la askari wenyewe. Kwenye mabonanza mengi ofisa mmoja huwa mgeni rasmi, msemaji, mlinzi na wakati mwingine golikipa. Litokeapo jambo, kila mtu humtafuta, naye yuko golini. Yatupasa kuomba kwamba siku hiyo ateuliwe ofisa mmoja asiyecheza wala kuhutubia, kazi yake ikiwa kuutazama umati na kusimamisha shughuli akiona hatari, iwe ni kujaa kwa uwanja au radi za masika. Na ijulikane mapema kwamba mabomu ya machozi hayana nafasi mahali penye kuta na milango michache. Tarehe 1 Oktoba 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan nchini Indonesia, moshi huo uliwakimbiza watu kwenye milango wasiyoweza kupita kwa wingi wao, na 135 wakafa.

Jicho la pili tulilosema halikupatikana katika Sura ya 322 linaweza kupatikana jirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati zake tangu taifa hadi kijiji na mtaa. Lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wapo Msalaba Mwekundu, wapo maofisa afya. Mkuu wa Polisi wa Wilaya akiuweka mpango wake mbele ya watu hao hapunguziwi cheo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba haambiwi asubiri kuona kama wageni wake watakuwa waangalifu.

Sisi walei tunayo sehemu yetu, nayo ni kubwa kuliko tunavyodhani, maana uwanja ni wetu, kwaya ni yetu na tangazo ni letu. Tunapendekeza kwa Halmashauri za Walei kwamba tangazo la tukio la polisi lisisomwe kanisani, wala uwanja usiazimwe, kabla uongozi wa parokia haujaona karatasi moja inayoeleza idadi ya watu wanaotazamiwa, milango ya kutokea, mahali pa huduma ya kwanza, maji na vyoo, watakaowatunza watoto waliopotea, na jina la ofisa anayesimamia usalama. Baadhi ya viongozi watasema hilo ni kuwakosea adabu wakubwa. Sisi hatuoni hivyo. Mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa jirani huuliza atalala wapi, na jirani mwema hakasiriki.

Ombi hilo lipelekwe kwa barua majuma mawili kabla ya tukio, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya, na katibu wa parokia aweke nakala yake kwenye jalada pamoja na jibu litakalotolewa.